Namba ya Baba

Sifa ni kwa Mungu, aliyezitandaza nyota na kuzijua zote kwa majina. Amenifikisha umri huu nikiwa na meno machache na macho ya kusaidiwa na miwani, lakini kumbukumbu ameniachia. Kwa hilo namshukuru kwanza, kabla sijasimulia lolote.

Mwezi uliopita vijana wawili wa kata walipita hapa Nyamahanga, nilikoolewa na nilikozeekea, wakipigilia vibao vya namba kwenye nyumba. Walinipa shikamoo nzuri, nikawapa marahaba, wakagonga misumari yao wakaenda kwa jirani. Kibao chenyewe ni kipande kidogo cha bati. Jua lilikuwa limelipata lile bati jipya, likatoa harufu ya chuma chenye joto, na harufu ile ikanishika miguu. Nikabaki nimesimama mbele ya mlango wangu mwenyewe kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Mjukuu wangu anayesoma sekondari aliniona. "Bibi, una nini? Ni namba tu hiyo."

"Neno hilo," nikamwambia, "lilininyima raha utoto wangu wote."

Akacheka, akatoa simu yake, akaketi kizingitini kunisomea. Kumbe namba tuliichukua kwa Waingereza, nao waliichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini, lugha ileile tuliyoitikia kanisani tukiwa watoto bila kuelewa hata tulichoitikia. Kwa Waingereza neno hilo ni tarakimu, ni idadi ya watu, ni toleo moja la gazeti, ni wimbo mmoja kati ya nyimbo za jioni, na hata gauni zuri wanaweza kuliita hivyo. Sisi nasi tumeongeza ya kwetu: gari lina namba, mchezaji uwanjani ana namba, na ukimpenda mtu unamwomba namba.

"Na manamba imo humo?" nikamwuliza.

Akatafuta. "Haimo, bibi. Manamba ndiyo nini?"

Nikaona kwamba nisipoandika, neno hilo nitaondoka nalo.

Manamba walikuwa wanaume wa huku kwetu, wa Ngara na Biharamulo na Buha, waliochukuliwa kwa malori kwenda kukata mkonge upande wa pwani. Kila mmoja alipewa namba, ikagongwa kwenye kipande cha bati cha kuvaa shingoni. Kwa namba hiyo aliitwa asubuhi, kwa namba hiyo alipangiwa mistari ya kukata, na akiugua ndiyo iliyoandikwa zahanati. Watu wakawaita kwa kile walichopewa. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Lakini kuna jambo lililotangulia, nalo ndilo mzizi wa yote.

Kwetu Mbuba, watu hawakuhesabiwa. Mgeni akimwuliza mama ana watoto wangapi, alijibiwa, "Tunao aliotupa Mungu," na mwenye adabu aliishia hapo. Hata ng'ombe, mchungaji hakuwanyooshea kidole jioni. Aliwatazama wakiingia zizini, na kwa rangi zao akajua nani hajarudi. Kuhesabu walio hai kulikuwa ni kukionyesha kifo njia ya nyumbani. Tulibatizwa sote, tulisali rozari kila jioni, na bado jambo hilo tulilishika. Hakuna aliyeona kwamba mawili hayo yanagombana.

Nilikuwa darasa la pili. Mwalimu wetu alikuwa ametoka mbali na alikuwa na bidii kuliko subira. Siku hiyo alitaka tujumlishe vitu tunavyovijua.

"Wewe, kwenu mko wangapi?"

"Tupo, mwalimu."

"Mpo wangapi?"

"Tupo tu, wazima."

Akamgeukia mwingine. "Kwenu?"

"Kwetu nako tupo, mwalimu."

Alizunguka darasa zima akijibiwa hivyo hivyo, mpaka akapiga meza kwa kiganja. "Ninyi mna nini? Atakayenihesabia watu wa kwao nampa chaki hii."

Ilikuwa chaki nyekundu. Sisi tuliijua nyeupe tu, tena ile iliyobaki kama punje. Nikasimama kabla akili haijanishika. Nikakunja vidole kimoja kimoja kwa sauti: baba, mama, bibi, dada zangu wawili, mimi, Yohana. "Saba, mwalimu."

Mwalimu akaandika saba kubwa ubaoni na kusema vizuri sana. Hakuna aliyepiga makofi. Mvulana mmoja wa nyuma akasema polepole, "Umewamaliza." Msichana tuliyekaa naye benchi moja akajisogeza pembeni, kama mtu anayeogopa upele. Kisha mwalimu akachukua kitambaa akaifuta ile saba, ili apate nafasi ya hesabu nyingine. Niliitazama ikiondoka. Niliwaona watu wa kwetu wakiwa vumbi juu ya kitambaa.

Chaki niliizika migombani siku hiyohiyo. Sikumwambia mtu.

Msimu ule mvua ilikatika mapema, maharage yakakaukia kwenye maua. Baba akasema atakwenda mkongeni kwa mkataba mmoja, arudi. Siku ya kuondoka mama alibaki na Yohana, kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akikohoa. Mimi nilitumwa kumbebea baba viazi mpaka lori liliposimama. Karani aliketi kwenye boksi kivulini, akiita wanaume na kuwagawia vipande vya bati vilivyokuwa vimechomwa na jua. Aliposoma cha baba, aliisoma namba kwa sauti, mara mbili, na baba akaitikia.

Baba hakujua kusoma wala kuandika. Alinivuta pembeni. "Umeisikia?"

"Nimeisikia, baba."

"Irudie."

Nikachezesha midomo bila sauti. Akadhani ni aibu ya watu.

"Sawa, ishike hivyohivyo. Huko tutakuwa wengi kama siafu, na jina langu wanalo wengi. Barua isiyo na namba haifiki. Mpelekee mama yako. Umenisikia, mwanangu? Usiipoteze njiani."

Lori likaondoka. Mimi nikarudi nyumbani peke yangu, safari ya nusu siku, na namba mdomoni kama kaa la moto. Nilikuwa nimewahesabu darasani, na sasa baba amehesabiwa barabarani. Niliamini kwamba nikiitamka, hata mara moja, nitakuwa nimemsukumia kaburini mwenyewe.

Mama alinipokea kwa maji. "Baba yako amesema nini?"

"Amesema tumwombee."

Hakuwa amesema hivyo.

Surua ilipita kijijini wakati wa kupalilia mtama. Ilibisha hodi nyumba nyingi, na kwetu ilimchukua Yohana, siku nne tu tangu macho yake yawe mekundu. Nakumbuka bibi, mama yake baba, amekaa chini uani na mikono kichwani, akilia: "Nani aliwahesabu wanangu? Nani aliyewahesabu?" Nilikuwa nimesimama kando ya ghala. Nilikuwa na hakika kwamba anajua, kwamba waombolezaji wote wanajua, na wananingoja nijitokeze. Sikujitokeza.

Baada ya matanga, mama alimwita katekista, mzee mwenye mwandiko mzuri, amwandikie baba barua. Aliandika kwenye goti lake, akimsomea mama kila mstari. Alipofika kwenye bahasha akainua kalamu.

"Mama Yohana, na namba? Hawa wa mkongeni huandikiwa kwa namba."

Mama akanigeukia. "Wewe ulimsindikiza. Baba yako alikuachia namba?"

"Sikumbuki, mama."

"Kumbuka vizuri, mwanangu. Taratibu."

Katekista akanitazama kwa upole, jambo lililonitesa zaidi. "Hata mwanzo wake? Ilianza na ngapi?"

"Sikumbuki."

Nilikuwa naikumbuka yote, kama jina langu. Lakini nilikuwa nimeshamwua mmoja, nikasema moyoni mwangu kwamba huyu wa pili nitamwokoa. Katekista akashusha pumzi. "Basi tuandike jina. Mungu ataifikisha."

Jibu halikuja. Kila Jumapili baada ya misa, majina ya wenye barua yalisomwa mlangoni pa kanisa, na mama alisimama mbele kabisa, mikono ameikunja tumboni. Jirani yetu alisomewa barua ya mumewe, wa mkongeni vilevile, ingawa shamba jingine. Mwingine naye akasomewa. Mama alisimama hivyo mpaka mavuno, na mpaka mavuno mengine. Kisha Jumapili moja misa ilipokwisha alipita katikati ya watu, akaenda nyumbani bila kusimama.

Usiku huo nilimsikia akimwambia bibi jikoni, "Mwanao ana moyo wa jiwe."

"Huenda hakuipata," bibi akasema.

"Ya jirani ilifika. Mtu anaambiwa mwanawe amekufa, hata salamu asitume?"

Tangu hapo, jioni tulipotaja katika sala wale walio mbali, mama hakulitaja tena jina la baba. Alilipita kama mtu anavyokwepa shimo alilokwisha kulizoea. Bibi alilitaja kwa sauti ndogo. Mimi nililitaja kimya, blanketi limenifunika kichwa.

Wasomaji wa rika langu wanajua upweke wa mtoto ulivyo. Hakuna anayeuona, kwa sababu mtoto anakula, anateka maji, anatumwa na anaitika. Mimi nilianza kulia chakula changu nyuma ya nyumba, ili mtu akipita asije akatuona tumekaa pamoja akatuhesabu. Shuleni niliacha ukurasa wa hesabu mweupe, nikachapwa, nikauacha mweupe tena. Hata punje za rozari nilizikwepa. Nilisali Salamu Maria bila kuhesabu mpaka usingizi unichukue, kwa kuogopa kufika kumi.

Ilipofika kitubio changu cha kwanza, nilijua kwamba sasa nitapona. Padre wetu alikuwa mzungu mzee, Kiswahili chake cha polepole.

"Nimehesabu, Padre."

"Umehesabu nini, mtoto?"

"Watu wa kwetu."

"Hiyo si dhambi. Hesabu ni nzuri. Labda umeiba kitu?"

Nilipoona anasubiri, nikasema nimeiba karanga. Sikuwa nimeiba karanga. Nilitoka kanisani na malipizi ya karanga zisizokuwepo, na mzigo wangu wote mgongoni, na juu yake uwongo mpya.

Mkataba uliongezwa, miaka miwili ikawa mitatu. Baba alirudi mchana wa kiangazi, tukiwa tumeanika mihogo uani. Alikuwa amekonda, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge, sanduku la mbao begani. Dada zangu wakamrukia. Bibi akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Mama hakunyanyuka kwenye mkeka.

"Umefika," alisema, kama anavyosalimiwa mpita njia.

Baba akafikiri, nadhani, kwamba ni hasira za kuchelewa, akafungua sanduku. Blanketi la bibi. Kanga ya mama, akaiweka mkekani karibu naye, naye hakuigusa. Magauni yetu matatu. Mwisho akatoa shati dogo la kaki lenye mifuko miwili, akalikung'uta na kulinyoosha hewani. Lilikuwa shati la mtoto wa miaka sita. Kila mwaka huko mbali alikuwa amemkuza Yohana moyoni mwake, asipitwe.

"Na huyu mwanaume mwenzangu yuko wapi? Au ameshaanza kuchunga?"

Mama alilitazama shati, akamtazama yeye. "Hukuipata barua?"

"Barua gani?"

Mama ndiye aliyelia, na alilia kwa ajili ya watu wawili, mtoto aliyezikwa na mume aliyemhukumu miaka yote bila kosa. Baba alikaa chini na shati mapajani. Nami nikaona kwamba nikinyamaza siku hiyo, nitanyamaza mpaka nife.

"Namba ninayo," nikasema. "Sikuisahau hata siku moja."

Nilisema yote palepale, chaki nyekundu, saba ya ubaoni, barabara, bahasha. Niliposema nilivyomsikia bibi akiuliza nani aliwahesabu, alinivuta kwake kwa nguvu mpaka ikauma.

"Mjukuu wangu, mimi hulia hivyo kila msiba. Nilisema hivyo hata alipokufa babu yako. Nilikuwa nalia tu. Sikuwa namwuliza mtu."

Jioni ile baba alirudi kutoka kwenye kaburi la Yohana. Alinikuta nyuma ya nyumba, mahali pangu, akaketi kando yangu na bakuli lake.

"Sikiliza. Mwaka wa pili homa ilinishika nikiwa nimebaki peke yangu mwisho wa mistari. Nikaanguka. Hakuna aliyeniona, na mkonge ukiingia humo ni mrefu kuliko mtu. Asubuhi nyapara akapiga filimbi, akaita namba zetu kama kawaida. Nyingine zote zikaitikiwa. Ya kwangu haikuitikiwa. Akaiita tena, kisha akatuma watu wanitafute. Nilihesabiwa kila asubuhi kwa miaka mitatu, mwanangu, na sikufa. Wasingenihesabu siku ile, ungekuwa huna baba."

Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na kila ninapofika kwa mchungaji mwenye kondoo mia, namkumbuka baba na bakuli lake. Yule mchungaji angejuaje kwamba mmoja amepotea? Lakini jioni ile sikuwaza kondoo. Nilikula tu, nikiwa na njaa ya miaka mitatu.

Kwa mama haikuwa rahisi hivyo, wala sitadanganya. Baba nilimpokonya habari, lakini mama nilimpokonya mume, akaishi kama mjane mwenye hasira. Hakunichapa. Alinipakulia, akanisuka nywele, akaniuguza nilipougua, na wiki baada ya wiki hakuwa na neno nami zaidi ya yale ya kazi. Kanga yake aliivaa. Jina la baba lilirudi katika sala. Mimi nilingoja, na kungoja huko ndiko kulikonifundisha subira ambayo watu hunisifia leo.

Kisha ikafika siku ya kuchambua mbegu za maharage. Dada zangu walikuwa mtoni, baba alikuwa akifunga uzio. Tulikuwa wawili, kila mmoja na ungo wake, tumeachana nafasi ya mtu kukaa.

"Niambie," mama akasema bila kuinua uso.

"Nini, mama?"

"Namba ya baba yako."

Sikuwa nimewahi kuitamka kwa sauti. "Elfu moja," nikasema, "mia nane na arobaini na sita."

Akairudia chinichini, akakosea mwishoni. Nikamsahihisha. Akairudia tena, vidole vimesimama juu ya maharage, kama mtoto anayefundishwa sala, mpaka akaipata yote bila kusaidiwa.

"Kumbe ni nyepesi hivi," akasema. "Ningeibeba."

Kisha akauvuta ungo wangu karibu na wake, na mimi nikaufuata.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama kuna jambo unalolibeba tangu ulipokuwa mdogo, Mungu akupe mtu wa kumwambia angali hai, na ampe mtu huyo moyo wa kukusikiliza. Akutafute mwenyewe pale ulipoangukia, akuinue, akurudishe kwa walio wako. Amina.